Je, Binti Akiolewa Mbali Kabila Linakwisha?



Wapenzi wasomaji wa ukurasa huu wa wana ndoa, kwa kawaida hujibu barua tatu au nne kwa pamoja. Mara hii nimechagua moja tu. Imetoka Ngoliba, mashariki ya Thika, kule ambako mashamba ya kahawa na mkonge yanateremka kuelekea mto Athi. Mwandishi wake ni mama ambaye amekaa katika ndoa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Nimeifupisha, na nimeondoa mambo ambayo yangemfanya jirani aseme, "Huyu namjua."

"Padre, mume wangu ni Mkikuyu. Mimi ni Mkamba, nimezaliwa ng'ambo ya mto, chini ya Kilimambogo. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 1989 na Mungu ametujalia watoto wanne. Kifungua mimba wetu ni muuguzi, na yuko Ujerumani tangu 2021. Mwaka jana alitueleza kwamba amepata mchumba. Ni muuguzi mwenzake, Mkatoliki, kwao ni Kerala nchini India. Tangu siku hiyo mume wangu hapokei simu ya binti yake. Anasema hatakula mahari ya Mhindi. Anasema watoto wetu wakitawanyika hivi, vizazi vitatu vikipita hakutakuwa tena na Mkikuyu wala Mkamba, dunia nzima itakuwa watu wa rangi moja na lugha moja. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristu. Juzi aliwasomea wanajumuiya Kitabu cha Tobiti, pale mzee anapomwagiza mwanawe aoe katika ukoo wa baba zake, kisha akanitazama mimi. Mama mkwe wangu, mwenye miaka themanini na tisa, ndiye pekee anayeuliza habari za msichana. Lakini hata wakipigiana simu hawaelewani vizuri, kwa kuwa watoto wetu hawakujua Kikuyu sawasawa, wala Kikamba. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Binti anataka kuja Desemba pamoja na kijana huyo. Nifanye nini?"

Mama mpendwa, barua yako nimeisoma mara tatu. Humo ndani mna mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja: hofu ya mzee juu ya kabila, na simu ya binti isiyopokewa. Nitaanza na hofu, kwa sababu si hofu ya kijinga. Wazee wengi wa Thika na Ruiru wanayo, ila wanaona haya kuitamka. Tafadhali liache gazeti hili mezani likiwa wazi hapa. Nimejifunza kwamba wanaume husoma ukurasa huu zaidi ya wanavyokiri.

Mzee, sasa nasema na wewe. Je, ni kweli kwamba watu wa dunia wanachanganyika kuliko zamani? Ndiyo, ni kweli. Kule Marekani mwaka 1967, ndipo mahakama kuu ya nchi ile ilipofuta sheria zilizokataza watu weupe kuoana na wengine, katika kila maarusi 100 ni 3 tu waliokuwa wameoa au kuolewa nje ya rangi au asili yao. Kufikia 2015 walikuwa 17. Na vijana wetu wanaondoka. Kenya ilitia sahihi mkataba wa wafanyakazi na Uingereza kuhusu wauguzi mwaka 2021, na mwingine mpana zaidi na Ujerumani Septemba 2024. Msichana anayefanya kazi ya zamu ya usiku katika mji wa ugenini ataolewa na nani? Ataolewa na yule anayemwona pale, anayesali naye, anayemsindikiza kwenye basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako pia. Hukumtafuta mkeo kwenye kitabu cha koo.

Lakini tupime hofu kwa kipimo chake. Umoja wa Mataifa ulihesabu mwaka 2024 kwamba watu wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa ni kama milioni 304. Idadi hiyo yaonekana kubwa mno, lakini katika kila watu 100 wa dunia haifiki hata 4. Wale wengine zaidi ya 96 wako nchini mwao, wengi wao wakioana na watu wa karibu. Tazama pia Brazili. Huko Waafrika, Wareno, wenyeji wa asili na wageni wa kila namna wamechanganyika kwa miaka 500. Kama hofu yako ni sahihi, hapo ndipo wangekuwa rangi moja leo. Katika sensa yao ya 2022, waliojiita wa mchanganyiko walikuwa kama 45 kwa 100, waliojiita weupe kama 43, na weusi kama 10. Bado wanajihesabu kwa rangi, tena kuchanganyika kwenyewe kumekuwa kundi jipya lenye jina lake. Wataalamu wa vinasaba nao wamekuwa wakieleza tangu 1972 kwamba sehemu kubwa ya tofauti zote za kibinadamu, kama 85 katika 100, hupatikana kati ya mtu na mtu wa jamii ile ile. Kwa hiyo hata ndani ya Ngoliba, kati ya wewe na jirani yako wa ukoo mmoja, Mungu ameshaweka tofauti nyingi kuliko tunazoziona kwa macho.

Tuache Brazili, turudi mtoni Athi.

Unasema vizazi vitatu. Mwaka ule ule mliooana, 1989, ilifanyika sensa. Wakikuyu walikuwa karibu milioni 4.5 na Wakamba karibu milioni 2.5. Miaka 30 baadaye, sensa ya 2019 iliwahesabu Wakikuyu 8,148,668 na Wakamba 4,663,910. Katika miaka hiyo yote watu wa kando hii ya mto na ile wameendelea kuoana, ninyi mkiwa miongoni mwao, na makabila yote mawili yamekaribia kuwa maradufu. Nakubali kwamba karani wa sensa huandika kabila moja tu kwa kila mtu, kwa hiyo pengine binti yako aliandikwa Mkikuyu na upande wa mama yake haukuonekana. Hilo ni jambo la kalamu ya karani. Halikumpunguzia binti yako ujomba.

Na hao Wakikuyu wenyewe, walitoka wapi? Ukisikia msichana anaitwa Nyokabi, jina hilo linatokana na Ukabi, yaani Umasai. Wako wangapi katika Kiambu na Murang'a? Kila mmoja wao amebeba katika jina lake kumbukumbu ya bibi mmoja aliyetoka kwa Wamasai. Hakuna mzee wa Kikuyu anayemwambia Nyokabi kwamba si Mkikuyu. Vilevile wakati wa ile njaa kuu ya miaka ya 1897 hadi 1900, familia nyingi za Wakamba zilipanda kwenda kwenye nchi ya Wakikuyu na Waembu kutafuta chakula. Wengine waliwaacha mabinti zao huko, wakapewa nafaka. Ni habari ya uchungu, na siitaji ili kuisifu. Wengi wa wasichana wale hawakurudi. Walizaa, watoto wao wakatahiriwa Kikuyu na kuitwa Wakikuyu. Yamkini mzee mmoja anayesema leo, "Sisi ni damu safi," ana bibi wa babu yake aliyevuka mto akiwa na njaa.

Lugha zetu hizi mbili ni ndugu wa karibu hata zinatuchekesha. Mkikuyu akisema mutumia, anamaanisha mwanamke. Mkamba akisema mutumia, anamaanisha mzee wa kiume mwenye heshima. Naamini katika nyumba yenu neno hilo lilileta kicheko mwanzoni mwa ndoa. (Kama halikuleta kicheko, basi lilileta ugomvi. Nimesikia yote mawili.)

Sasa huyu kijana wa Kihindi. Nadhani unapomfikiria unakumbuka yale maduka ya Thika mjini na wenye maduka ambao hawakuoana nasi. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 waliletwa wafanyakazi kama 32,000 kutoka India, na kama 6,700 wakabaki. Wakaja na wengine, wafanyabiashara na makarani. Zaidi ya miaka 100 wengi wao wameoana wao kwa wao. Je, kukaa kwao peke yao kuliwafanya wageni wa milele? Mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la Kenya. Miezi michache kabla yao Wamakonde, walioingia kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa wametambuliwa kuwa la 43. Mwaka 2023 wakafuata Wapemba wa Pwani. Wewe unaogopa kwamba uhamiaji utapunguza makabila, na kumbe katika maisha yako mwenyewe umeyaona yakiongezeka kwa sababu ya uhamiaji.

Bahari ile ile iliyoleta Wahindi wa reli ilikuwa imeleta wengine zamani zaidi, na hao walioana na wenyeji. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Walikuta kwamba kuanzia kama mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi, na damu kidogo ya India ikiwa pamoja nao, walizaa na wanawake wa Kiafrika. Katika wengi wa wale waliozikwa, nusu ya asili yao au zaidi ilitoka kwa mama wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwa baba kutoka ng'ambo ya bahari. Sasa niulize: watoto wale walizungumza lugha gani? Hawakuzungumza Kiajemi. Walizungumza lugha ya mama zao, na ndiyo Kiswahili hiki ninachokuandikia. Baba aliyetoka mbali hakuwafuta watu wa pwani. Mama alikuwa akizungumza na mtoto jikoni, kisimani na kitandani, na kile alichozungumza ndicho kilichobaki.

Hapo, mzee, ndipo nataka tusimame kidogo.

Sisemi kwamba makabila hayafi. Yanakufa. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, waliishi Wayaaku, wawindaji na wafugaji wa nyuki. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa karne ya 20 jirani zao wenye kuzungumza Kimasai waliwajia mabinti wao, wakalipa ng'ombe. Baba wa Kiyaaku aliyepewa ng'ombe kwa binti wa kwanza angekubalije mizinga kwa binti wa pili? Basi vijana wa Kiyaaku nao walilazimika kutafuta mifugo ili waweze kuoa, na mwenye mifugo akaanza kuishi kama Mmasai na kuzungumza kama Mmasai. Katika muda wa kizazi kimoja hivi, kati ya miaka ya 1920 na 1930, walihama kutoka maisha yale hadi haya. Leo lugha yao imebaki kwa wazee wachache sana, na wajukuu wanajitahidi kuokota maneno yaliyosalia. Duniani kuna lugha kama 7,000, na karibu nusu ziko katika hatari ya aina hii.

Lakini angalia kilichowamaliza Wayaaku. Mabinti wao waliolewa nje, ni kweli. Mabinti wa Kimasai nao waliolewa kwa Wakikuyu, wala Wamasai hawakwisha. Kwa Wayaaku kilichotokea ni kwamba wao wenyewe, nyumbani kwao, waliona aibu kwa asali yao. Walianza kuamini kwamba mali ya jirani ni mali, na yao si kitu. Kwamba lugha ya jirani ni ya watu, na yao ni ya msituni. Mzazi akaacha kumwambia mtoto kwa lugha ile.

Na sasa rudi kwenye barua ya mkeo, sentensi ile ambayo ameiandika karibu na mwisho, kama jambo dogo. Mama yako mzazi hawezi kuzungumza vizuri na mjukuu wake. Mzee, hilo halikuletwa na mtu wa Kerala. Msichana alipoondoka uwanja wa ndege 2021 hakuwa bado amemwona. Hilo lilitokea hapo Ngoliba, sebuleni kwenu, kati ya 1990 na mwaka binti alipomaliza shule. Siwalaumu kwa ukali. Nawajua wazazi wa miaka ile: Mkikuyu na Mkamba wakaona waepuke ugomvi kwa kuchukua Kiswahili kama uwanja wa katikati, walimu nao shuleni wakawachapa watoto waliosikika wakisema lugha ya mama. Tena Kiswahili ni lugha yetu pia, siitukani. Lakini kama kuna kitu cha Kikuyu na cha Kikamba kilichopungua duniani kwa njia ya nyumba yenu, kilipungua wakati huo, nanyi wawili mkiwa wazima, na hakuna mgeni aliyekuwapo. Naona hasira unayomwonea binti yako ni majuto yako mwenyewe uliyompelekea yeye aibebe. Kama nimekosea, nisamehe. Mimi ni padre, nayaona mambo ya watu kupitia dirishani.

Tuje kwenye Tobiti. Umesoma kweli, maneno hayo yamo, sura ya 4. Lakini Tobiti alikuwa wapi alipoyasema? Alikuwa Ninawi, mateka katika nchi ya watu walioabudu miungu mingine, waliowaua ndugu zake na kuwanyima hata maziko. Alikuwa anailinda imani ya mwanawe. Vivyo hivyo Nehemia, katika sura yake ya 13, aliwakasirikia Wayahudi waliooa wanawake wa Ashdodi hata akawapiga na kuwang'oa nywele. Naye alitaja kwamba nusu ya watoto wao hawakuweza tena kusema Kiyahudi. Ningekuwa wewe ningesoma sura hiyo kwa uangalifu, maana inatugusa wote wenye watoto wasiojua lugha ya bibi yao. Ila hasira ya Nehemia nayo ilikuwa juu ya miungu ya kigeni, ndiyo maana anamtaja Sulemani. Kijana huyu wa Kerala hakuletei mungu mwingine. Wakristu wa kwao, kwa mapokeo yao, waliipokea Injili kutoka kwa Mtume Tomaso mwenyewe. Sisi wa nchi ya Wakikuyu tulipokea wamisionari wa Consolata pale Tuthu mwaka 1902. Nani hapo anayeweza kumwita mwenzake mgeni katika Kanisa?

Na Biblia ile ile inasema mengine. Musa alioa mwanamke Mkushi, yaani mtu mweusi wa upande wetu huu wa Afrika. Dada yake Miriamu akanung'unika juu ya mwanamke huyo. Soma Hesabu sura ya 12 uone nani aliyepata ukoma: si mke mgeni, ni Miriamu. Ruthu alikuwa Mmoabu, na ni bibi wa babu zake Bwana wetu. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu hamfichi Ruthu wala Rahabu wa Yeriko. Halafu Yohane katika Ufunuo, sura ya 7, anaona umati mbele ya kiti cha enzi, na anautambua kuwa wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Kumbe hata huko mbinguni hawajayeyushwa kuwa kitu kimoja. Wamekuja na makabila yao, wamesimama pamoja.

Sheria ya Kanisa nayo iko wazi. Kitabu cha 1983 kinataja vizuizi vya ndoa katika kanuni za 1083 hadi 1094: umri, kifungo cha ndoa nyingine, daraja takatifu, udugu wa damu na vinginevyo. Kabila halimo, rangi haimo. Paroko hawezi kukataa kwa sababu hiyo, na wewe mwenyekiti wa jumuiya usiifanye jumuiya iwe mahali pa kukataa. Kumsomea mkeo Maandiko hadharani ili umchome ni kosa, na ulipaswa kulipeleka kwenye kitubio kabla ya kulipeleka popote. Zaidi ya hayo, ukishika Tobiti kwa namna ile, umevunja ndoa yako mwenyewe ya 1989, kwa maana hukuoa katika ukoo wa baba zako. Je, unajuta kumwoa mama huyu? Yeye amelisikia swali hilo siku ile mbele ya majirani.

Niseme pia jambo ambalo wahubiri wengi wa mapatano hawalisemi. Kuoana peke yake hakuleti amani. Kwetu hapa, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na katika nyumba za mchanganyiko wapo waliofukuzwa na wakwe zao. Rwanda, 1994, Wahutu na Watutsi walikuwa wameoana kwa wingi. Damu ya pamoja haikuzuia panga. Kwa hiyo sikuahidi kwamba wajukuu wa rangi ya chai watamaliza chuki duniani. Baba Mtakatifu Fransisko alipokuja Nairobi Novemba 2015 aliwaambia vijana pale Kasarani washikane mikono dhidi ya ukabila, wakashikana, uwanja mzima. Kesho yake kila mmoja alirudi nyumbani kwao, na huko ndiko kazi ilikokuwa ikimngoja.

Mama, sasa nakurudia wewe, kwa sababu Desemba haiko mbali.

Kwanza mahari. Zungumzeni mapema, tena kwa uwazi, kwa sababu hapa panaweza kutokea kichekesho kibaya. Huku kwenu wazee wanangoja ruracio, na upande wako wa Kikamba wanaulizia mbuzi wa ntheo. Nchini India desturi ilienda kinyume: mali ilitoka kwa wazazi wa msichana kwenda kwa mwanamume, na imekuwa mzigo mkubwa hata Serikali yao ikaipiga marufuku kwa sheria ya 1961. Mtakaa pande mbili za meza, kila upande ukingoja mwingine afungue mkoba! Binti amweleze kijana, na kijana awaeleze wazazi wake, kwamba mbuzi wetu ni heshima, si bei. Ntheo ni mbuzi watatu. Muuguzi wa Ujerumani hawezi kushindwa na mbuzi watatu.

Pili, Kanisa. Kama kijana ni wa Kanisa la Kisiro-Malabari, kama walivyo Wakatoliki wengi wa Kerala, ni Mkatoliki kamili chini ya Papa, ingawa liturujia yao ni tofauti na yetu. Hii si ndoa ya mseto. Lakini nyaraka zina utaratibu wake, na suala la watoto kuandikwa katika Kanisa lipi linafaa kukubaliwa mapema. Nendeni kwa paroko wiki watakayofika, msingoje wiki ya mwisho.

Tatu, lugha na majina, na hapa nataka muwe wagumu kidogo. Mwambie binti asirudie njia mliyopita ninyi. Mtoto mdogo ana nafasi ya lugha mbili, hata tatu, mradi kila mzazi aseme yake bila kuchoka: baba Kimalayalam, mama ile aliyo nayo, mtaani Kijerumani. Binti atakuambia, "Mama, sina Kikuyu cha kutosha." Mwambie aanze na kile kidogo, na akija Desemba akae na bibi yake jikoni, si kwenye mapicha tu. Kuhusu majina, mtindo wa Wakikuyu wa kumpa mtoto jina la wazazi wa baba kwanza utagongana na desturi za kwao. Mtakubaliana. Jina la bibi linaweza kuishi Kerala kama lile la Nyokabi lilivyoishi Murang'a.

Na wewe mwenyewe, usimlete msichana kwa mlango wa nyuma. Wake wengi hufanya hivyo: wanapanga kila kitu na watoto, mzee anakuta mgeni sebuleni. Hata akikubali siku hiyo, atakuwa ameshindwa, na mwanamume aliyeshindwa nyumbani kwake hutafuta mahali pengine pa kushinda. Mwambie tarehe, mwambie saa ya ndege. Asipojibu, umemwambia.

Mzee, neno langu la mwisho kwako si la kitheolojia. Mama yako ana miaka themanini na tisa. Anamwulizia mjukuu wake, na katika nyumba hiyo hakuna anayemtafsiria isipokuwa wewe. Mkeo Kikuyu chake ni cha kuolewa nacho. Jumapili hii baada ya Misa ya pili, huko Ujerumani kutakuwa asubuhi bado, na kama hayuko kazini atakuwa nyumbani. Piga wewe. Kama huna la kumwambia, usiseme lolote, mpe bibi simu, keti kando yao, na kila wanapokwama wewe uwavushe.

Mama, nitangoja barua yako ya pili.

Wenu katika Kristu,
Padre wa ukurasa wa ndoa